Jeli au sindano: hesabu ya homoni ya kiume mjini Kisangani

Mwaka una siku 365, na jeli ya testosteroni haijui Jumapili wala sikukuu. Mwanaume aliyeandikiwa kipakiti kimoja cha miligramu 50 kila asubuhi atafungua vipakiti 365 kabla mwaka haujaisha, yaani maboksi 12 ya vipakiti thelathini thelathini na vitano vya ziada. Mwenzake aliyeandikiwa sindano ya testosteroni enantati, miligramu 250 kila baada ya wiki tatu, atamaliza vichupa 17 au 18. Wa tatu, anayechomwa ile ya kukaa muda mrefu mwilini, testosteroni undekanoati ya miligramu 1,000, ataonana na muuguzi mara tano katika mwaka wa kwanza na mara nne au tano katika miaka inayofuata. Wote watatu wanatibiwa upungufu uleule. Wanachotofautiana ni mfuko, ngozi, watu wanaolala nao nyumba moja, na njia ambayo dawa inapita mpaka ifike Makiso, katikati ya mji.

Bei za farmasi za Kisangani hufuata kiwango cha dola na mzigo wa mwisho ulioingia, kwa hiyo bei ya leo haikusaidii sana kupanga mwaka mzima. Kinachosaidia ni uwiano, na uwiano huo umepimwa vizuri huko Marekani. Mwaka 2020 chama cha madaktari wa magonjwa ya ndani, American College of Physicians, kilitoa mwongozo kuhusu tiba hii. Walitazama malipo ya mwaka 2016 ya Medicare, bima ya wazee wa huko, wakakuta dawa zinazopitia kwenye ngozi ziligharimu dola 2,135 kwa mgonjwa mmoja kwa mwaka, na sindano za msulini dola 156. Ni karibu mara kumi na nne. Manufaa yalikuwa yanafanana, na madhara pia. Wakashauri daktari aanzie kwenye sindano. Hao ni madaktari wa nchi tajiri, wanaotibu watu wenye bima; sembuse sisi ambao dawa, kipimo na usafiri vyote vinatoka mkononi siku hiyohiyo.

Hesabu ya nyumbani ni rahisi. Muulize mwenye farmasi bei ya kitu kimoja: kipakiti kimoja, kichupa kimoja. Zidisha kwa 365, kwa 18, kwa 5. Kwenye sindano ongeza bomba na sindano mpya kila mara, mkono wa muuguzi, na usafiri wa kwenda na kurudi. Anayekaa Mangobo au Kabondo atalipa pikipiki au toleka, teksi ya baiskeli. Anayekaa Lubunga atavuka mto kwanza. Kwa mtu wa Lubunga, safari 18 na safari 5 ni vitu viwili tofauti kabisa, na hapo ndipo undekanoati, ambayo kichupa chake ni ghali kuliko cha enantati, inapoanza kujitetea. Lakini sharti ajue kwamba pesa yake hutoka kwa mkupuo. Enantati unailipa kidogo kidogo, na mwezi mbaya ukija unaweza kuona mapema kwamba hutafika.

Vipimo vya damu usiviingize kwenye ushindani huu. Anayepaka na anayechomwa wote wanavihitaji, na gharama ni ileile.

Nisiionee jeli, ina sifa yake halisi. Katika miligramu 50 zilizopakwa begani, karibu sehemu moja tu ya kumi ndiyo inayopenya ngozi, miligramu 5 hivi, na hicho ni kama kiasi ambacho korodani zenye afya hutengeneza kwa siku. Ukipaka kila asubuhi, homoni inakaa tambarare. Sindano ya enantati haiko hivyo. Siku mbili tatu za kwanza homoni hupanda, mara nyingi kupita kiwango cha kawaida, halafu inateremka wiki baada ya wiki. Ni kama mshahara wa mwalimu: siku za mwanzo nyumba nzima inacheka, wiki ya mwisho hakuna anayetaka kusemeshwa. Wake huliona hili kabla ya waume. Mama wa nyumba akikuambia kwamba mzee anakuwa mkali baada ya sindano na mnyonge kabla ya ile inayofuata, usimbishie. Mpeleke kwa daktari na maneno hayo hayo, kwa sababu dawa ipo. Dozi ndogo kwa muda mfupi, kwa mfano miligramu 100 kila wiki badala ya 250 kila wiki tatu, husawazisha mlima na bonde. Kinachoongezeka ni idadi ya kuchomwa, na wengine hufundishwa kujichoma wenyewe pajani wakapunguza safari.

Kinachonifanya nisiipendekeze jeli kwa nyumba nyingi za Kisangani si bei peke yake. Homoni iliyobaki juu ya ngozi, zile sehemu tisa za kumi ambazo hazikupenya, inahamia kwa anayekugusa. Mwaka 2009 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliagiza onyo kali kabisa liandikwe kwenye maelezo ya jeli baada ya kupokea taarifa za watoto waliogusana na watu wazima wanaojipaka: watoto wadogo walioota nywele za utu uzima, uume uliokua kabla ya wakati, mifupa iliyokimbia umri wake. Baadhi ya mabadiliko hayo hayakurudi nyuma yote hata baada ya mtoto kutengwa na dawa. Mwanamke naye anaweza kupata chunusi na nywele mahali asipozitaka, na kwa mjamzito hatari ni kubwa zaidi, maana mtoto wa kike tumboni anaweza kuumbika na dalili za kiume.

Sasa chukua masharti ya jeli uyaweke kwenye chumba tunachokijua. Upake mabegani na mikononi juu, usubiri ikauke, uvae shati linalofunika, unawe mikono kwa sabuni na maji mengi, usioge wala kulowa kwa saa kadhaa, saa mbili kwa aina moja, tano au sita kwa nyingine. Kabla ya kugusana ngozi kwa ngozi na mtu, uoshe mahali ulipopaka. Taulo lako lisishikwe na mwingine, wala shuka. Mji wetu uko karibu kabisa na mstari wa ikweta. Mchana ni jasho, usiku wanaume wanalala vifua wazi. Watoto wawili wanalala kitanda kimoja na baba, mdogo yuko mgongoni kwa dada, maji yamechotwa kwa bidoni na kila mtu anayapima. Kuna pia jambo dogo ambalo wauzaji hulisahau: jeli hii imetengenezwa kwa alkoholi, na mpaka ikauke inashika moto. Umeme wa bwawa la Tshopo ukikatika alfajiri na ukawasha mshumaa, usiisogelee.

Kwa hiyo jeli inamfaa mwanaume anayekaa peke yake au na watu wazima waliolielewa jambo hili, mwenye kipato cha kila mwezi kisichoyumba, anayeogopa sindano kweli au mwenye damu isiyoganda vizuri au anayetumia dawa za kuifanya damu kuwa nyepesi. Hawa wawili wa mwisho kuchomwa ndani ya msuli kunaweza kuwatoa damu chini kwa chini, na kwao jeli si anasa. Wapo wengine ambao ngozi yao hainyonyi vya kutosha. Wanapaka mwaka mzima na kipimo hakipandi. Hao wasiendelee kununua maboksi kwa matumaini.

Sindano nayo ina historia katika sehemu hii ya Kongo ambayo haifai kusahauliwa. Yambuku, kaskazini-magharibi mwa Kisangani, ndiko Ebola ilikogunduliwa mwaka 1976, na hospitali ya misheni ya hapo ilikuwa ikitoa mabomba matano kila asubuhi kwa wagonjwa wote wa siku hiyo. Virusi vilipita kwenye sindano zilizosuuzwa tu. Watu 318 waliugua, 280 wakafa. Leo mabomba ya kutupwa yamejaa kila mahali, lakini homa ya ini na virusi vya Ukimwi bado vinapita njia ileile pale mtu anapofanya ubahili. Nunua bomba na sindano zako, vifunguliwe mbele yako, vitupwe mbele yako. Dawa yenyewe ni mafuta mazito, mengine ya ufuta, mengine ya mbarika. Sustanon, mchanganyiko wa aina nne za testosteroni, ina mafuta ya karanga, na mwenye mzio wa karanga asiiguse. Sindano hizi zote huingia polepole ndani ya msuli, mara nyingi wa tako, si juu juu. Undekanoati huchukua kama dakika mbili kuisukuma yote, na tone la mafuta likikosea njia likafika mapafuni mtu anakohoa ghafla na kupumua kwa shida. Ni tukio la nadra, ila ndiyo sababu huko Marekani mgonjwa hukalishwa kliniki nusu saa baada ya kuchomwa. Usikubali kuchomwa hii nyuma ya meza ya duka na kuondoka na pikipiki inayokusubiri ikiwa imewashwa.

Habari njema kwa wasio na frigo: si jeli wala sindano inayohitaji baridi kama insulini. Kabati lenye kivuli linatosha. Ukikuta enantati imefanya chembechembe kama za chumvi, izungushe viganjani mpaka ipate joto na ziyeyuke.

Suala linalonisumbua zaidi kuliko bei ni kuendelea kupatikana. Vitu vya Kisangani vinakuja kwa ndege inayotua Bangoka, au kwa boti zinazopanda mto zaidi ya kilomita 1,700 kutoka Kinshasa, au kwa malori ya barabara ya taifa namba 4 kutoka upande wa Beni na Komanda, barabara inayopita Ituri na vita vyake. Dawa ya malaria itapita hata hivyo, kwa sababu inauzwa kila saa. Boksi la jeli linalonunuliwa na watu wachache mji mzima halina anayelikimbilia. Anayepaka kila siku akikosa dawa kwa wiki mbili amerudi alikoanzia. Aliyechomwa enantati ana wiki tatu za kuhangaika kutafuta kichupa kinachofuata, aliyechomwa undekanoati ana miezi karibu mitatu. Aidha enantati imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na hilo linaipa nafasi nzuri kidogo ya kuagizwa na hospitali. Kabla ya kulipa boksi la kwanza la chochote, muulize mfamasia swali moja: mwezi wa nne utaniletea hii hii kutoka wapi? Akianza kuangalia dari, umeshajibiwa.

Chunguza pia kichupa: jina la dawa, namba ya toleo, tarehe ya kuisha, mtengenezaji. Vidonge vya metiltestosteroni, ambavyo huonekana rahisi kuliko vyote, viache, vinaumiza ini.

Nimezungumzia dawa kana kwamba kila anayeiuliza anaihitaji. Wengi hawaihitaji, na hapo ndipo pesa nyingi zaidi inapotea. Mwanaume wa miaka 48 amechoka, tumbo limetoka, chumbani mambo yamepoa. Sokoni atauziwa ngadiadia ya kuongeza nguvu, kwa jirani vidonge vya buluu visivyo na boksi, na siku hizi kuna kijana atakayemwambia achome testosteroni kama wanaonyanyua vyuma. Huenda ana kisukari ambacho hajakipima, au presha, au hapati usingizi. Mtu mwenye kisukari mara nyingi hupungukiwa nguvu kwa sababu ya mishipa ya damu na ya fahamu, na homoni haifungui mishipa. Wenye haki ya dawa hii ni wale ambao korodani au tezi ya ubongoni inayoziamuru imeharibika: aliyepata matumbwitumbwi ukubwani yakashuka chini, aliyepoteza korodani kwa ajali au kwa kujisokota, aliyezaliwa na kromosomu X ya ziada kama mwanaume mmoja katika kila 600 hivi, mwenye uvimbe kwenye tezi ya pituitari.

Njia ya kujua ni damu ya asubuhi, kabla ya saa nne, tumbo likiwa tupu, na kupimwa mara mbili kwa siku tofauti. Homoni hii hushuka mchana, kwa hiyo damu iliyotolewa saa tisa alasiri itamfanya mgonjwa mtu mzima asiye na kitu. Ukiwa na malaria au homa yoyote, ngoja upone kabisa ndipo upime, maana ugonjwa wa ghafla unaiteremsha. Waulize watu wa labo kama sampuli inapimwa hapahapa au inatumwa Kinshasa, na inasafirishwa vipi. Ukipata karatasi, tazama kipimio kabla ya namba: nanogramu 300 kwa desilita ni nanogramu 3 kwa mililita, na ni zaidi kidogo ya nanomoli 10 kwa lita. Watu wamelia kwa kusoma 3 wakidhani ni 3 ya 300. Wataalamu wa homoni wa Marekani waliweka mpaka wa chini kwenye nanogramu 264 kwa desilita, wale wa njia ya mkojo kwenye 300, na hakuna kati yao anayekubali namba pekee bila dalili. Namba ikiwa chini mara zote mbili, pima homoni za LH na FSH, ambazo ndizo zinazoeleza kama kosa liko korodanini au kichwani. Vipimo hivi vyote kwa pamoja vinaweza kuwa ghali kuliko miezi kadhaa ya sindano, na bado ningevilipa kwanza.

Baada ya kuanza, rudi ndani ya miezi mitatu hadi sita. Kitu cha kuangalia kuliko vyote ni hematokriti, yaani sehemu ya damu ambayo ni chembe nyekundu. Testosteroni huongeza chembe hizo, na sindano huongeza kuliko jeli. Ikipita asilimia 54, dawa inasimamishwa mpaka damu itulie. Mwenye umri mkubwa apimwe pia PSA ya tezi dume, na mwenye saratani ya tezi hiyo asianze kabisa. Kuhusu moyo, utafiti mkubwa uitwao TRAVERSE, uliochapishwa mwaka 2023 kwa wanaume zaidi ya 5,000 wenye hatari ya ugonjwa wa moyo, ulionyesha kwamba jeli haikuongeza mshtuko wa moyo wala kiharusi kulinganisha na jeli tupu. Iliongeza kidogo moyo kudunda ovyo, damu kuganda mapafuni na figo kuumia. Aliyepata kiharusi au mshtuko wa moyo karibuni asubiri angalau nusu mwaka.

Limebaki lile ambalo wateja wengi hawaambiwi kaunta, na kwa mji wetu lingepaswa kuwa la kwanza. Testosteroni ya kutoka nje, iwe ya kupaka au ya kuchoma, inazima kiwanda cha mbegu. Ubongo unaona homoni imejaa kwenye damu, unaacha kuziamuru korodani, nazo zinasinyaa na kuacha kuzalisha. Shirika la Afya Duniani lilikwisha kulijaribu hili kwa makusudi: katika tafiti zilizochapishwa mwaka 1990 na 1996, wanaume wenye afya walichomwa enantati miligramu 200 kila wiki kama uzazi wa mpango, na ikafanya kazi. Ndiyo dawa ileile anayoinunua bwana mdogo wa miaka 27 aliyeoa mwaka jana, akitaka aonekane dume mbele ya mke na wakwe wanaohesabu miezi. Kisha mimba haingii, na anayeanza kutazamwa vibaya ni mke.

Mbegu hurudi kwa wengi ndani ya mwaka mmoja baada ya kuacha, kwa wengine mpaka miaka miwili. Aliyeharibika korodani zenyewe mara nyingi hana kikubwa cha kupoteza hapa. Lakini ambaye shida yake iko kwenye tezi ya ubongoni na bado anataka mtoto, dawa yake ni nyingine: hCG, sindano inayoziamsha korodani zifanye kazi badala ya kuzilaza, mara mbili au tatu kwa wiki, na ni ghali kuliko enantati. Na kwa yeyote asiyefunga hesabu ya watoto, spermogramu, yaani kipimo cha mbegu, ifanyike kabla ya kichupa cha kwanza, kwa sababu ikifanywa baada ya hapo daktari hatajua kama anasoma mwili wako au anasoma dawa.